Mkuu kabla ya mashine, angalia tyubu unayotolea damu

Achana na mashine kwanza. Umeuliza ununue kromatografia (mashine ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika) ya gesi au ya kimiminika kwa ajili ya kupima kokeini, heroini na bangi kwenye damu, halafu huko chini umedokeza kwamba sampuli umeshaanza kukusanya kwenye tyubu za kifuniko chekundu, zile zisizo na kihifadhi, na zinakaa mezani mpaka Jumatatu. Hapo roho imeniuma, maana nilifanya hivyohivyo.

Damu ikishatoka mwilini kazi haijaisha, plazma, yaani majimaji ya damu, ina vimeng'enya vinavyoendelea kuikata kokeini humohumo kwenye tyubu, na hata bila vimeng'enya joto lenyewe linaivunja. Mimi kipimo cha awali cha kingamwili kilitoa chanya, na kipimo hicho kinachonasa hasa ni benzoilekigonini, yaani mabaki ya kokeini ikishavunjika. Sampuli ikalala mezani wikiendi nzima, Jumatatu naipitisha kwenye masi spektrometa (mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake), kokeini hamna, mabaki tu. Nikaandika "kokeini haijaonekana" na waliosoma wakaelewa kwamba yule mtu hakuwa ametumia karibuni. Baadaye ikapimwa tyubu ya pili ya damu ileile, iliyotolewa saa ileile ila yenye floraidi (kihifadhi) na ikawekwa friza, kokeini hii hapa! Ripoti yangu ikafutwa na sampuli zote za miezi miwili zikatupwa, jamani, damu za watu zile, huwezi kurudi kuwaomba tena.

Na aliyenifundisha, yule fundi aliyekuja kufunga mashine, aliniambia kabisa "tyubu yoyote sawa, mashine itaona". Itaona nini wakati kitu kimeshaisha? Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Chukua tyubu ya kifuniko cha kijivu, ile yenye sodiamu floraidi na potasiamu oksaleti, igeuzegeuze taratibu mara 8 hadi 10, iingie friji siku hiyohiyo, na kama utachelewa kupima weka friza ya nyuzi -20 za Selsiasi. Floraidi inazuia vimeng'enya tu, ule uvunjikaji mwingine unapunguzwa na baridi, kwa hiyo vyote viwili. Zenye jeli usiguse kabisa, jeli inanyonya baadhi ya dawa.

Heroini ndo usiseme, mwilini inageuka 6-asetilmofini, ile alama inayoonyesha kwamba ni heroini, ndani ya dakika chache, nayo ikivunjikia kwenye tyubu unabaki na mofini tupu, utajuaje kama si mofini aliyochomwa hospitali?

Hizo ulizokwishachukua zina siku ngapi mezani? Usizitolee ripoti ya kokeini mkuu, nakuomba.