Maswali na Majibu: Imani Wakati Mambo Yamebana

Mchungaji, nilipunguzwa kazini, nikachukua mikopo ya kausha damu. Naomba kila usiku lakini usingizi hauji. Je, imani yangu ni ndogo? (Baba, Morogoro)

Hapana, ndugu yangu. Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba afe, akalala chini ya mti wa mretemu. Soma 1 Wafalme 19: Mungu hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule mlima Horebu. Kwa hiyo kula, na usingizi ukiendelea kukosekana nenda ukamwone daktari; huko si kukosa imani kwa Mungu.

Halafu andika madeni yote kwenye karatasi, umwonyeshe mkeo na mzee wa kanisa mmoja unayemwamini. Deni lililofichwa linatesa kuliko deni lenyewe. Paulo aliandika juu ya "amani ya Mungu, ipitayo akili zote" akiwa amefungwa, na kifungo hakikuisha siku hiyo. Amani hiyo inaweza kuja kabla wadai hawajalipwa. Iombe hivyo hivyo.

Kuna mtumishi ameniambia nitoe sadaka ya mbegu, laki tatu, ndipo milango yangu ifunguke. Sina. Nikope? (Dada, Dar es Salaam)

Usikope. Watu wa namna hiyo hupenda kumtaja mjane wa Marko 12, aliyetoa sadaka senti mbili, zote alizokuwa nazo. Rudi nyuma mistari michache tu, mstari wa 40, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Kisha ndipo mjane anaonekana. Neema haina bei, dada. Anayekutoza pesa kwa shida zako ili akuombee, muage.

Mwanangu alifariki mwaka jana akiwa na miaka sita. Msibani waliniambia nisilie sana, kazi ya Mungu haina makosa. Nina hasira na Mungu. Natenda dhambi? (Mama, Mwanza)

Pole sana, mama. Pole tena.

Lia. Yesu alilia penye msiba wa Lazaro, naye alijua kwamba muda si mrefu atamwita atoke kaburini. Kama yeye alilia, nani akukataze wewe?

Na hasira yako mpelekee Mungu mwenyewe, usimfiche. Zaburi 13 inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi 88 ni nzito zaidi. Inalalamika tangu mwanzo na inaishia gizani. Hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Lakini angalia, huyo anayelalamika bado anamwita "Mungu wa wokovu wangu", na kilio chake chote anakielekeza kwake. Hata Yesu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mwana wa Mungu mwenyewe aliuliza swali lako.

Sitakuambia kwa nini mtoto alikufa. Anayedai kulijua hilo anakudanganya. Ninachokiamini kwa moyo wangu wote ni kwamba aliyeuliza swali lile alifufuka siku ya tatu, na mwanao yumo mikononi mwake. Siku usipoweza kuomba, waache wanawake wenzako waje wakae nawe, hata bila kusema lolote. Wale wa msibani walitaka kukufariji. Wasamehe, ila ushauri wao usiufuate.

Nimerudi kanisani baada ya miaka mingi, moyo umevunjika. Nianze kusoma wapi? (Kijana, Nakuru)

Karibu nyumbani, mwanangu. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, moja kwa siku inatosha, na jioni ongeza Zaburi moja kwa sauti. Ibada ikiisha usikimbilie mlangoni. Uliza kikundi cha ushirika cha mtaani kwenu kinakutana lini na kwa nani, uende wiki hii hii.