Jibu: Uanzie wapi kusoma miswada ya Kiajemi ya tiba

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu na ungependa kuingia katika miswada ya Kiajemi ya tiba. Nakushauri uanze na Tashrih-i Mansuri, kitabu cha anatomia cha Mansur ibn Ilyas wa Shiraz, cha mwishoni mwa karne ya 14, kwa sababu michoro yake ya mifupa, neva na mishipa ya damu itakusaidia kukisia maneno usiyoyajua, na istilahi zake nyingi ni za Kiarabu. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani inayo nakala iliyokamilishwa mjini Isfahan, Uajemi, tarehe 4 Muharram 894, yaani Desemba 1488.

Fungua kwanza ukurasa wa mwisho, ambapo mnakili alizoea kuandika jina lake na tarehe ya Hijria. Kisha jihadhari na herufi: wanakili wengi wa zamani waliandika "g" kama kafu (herufi ya "k") ya kawaida na "p" kwa nukta moja badala ya tatu, kwa hiyo utalitambua neno kwa maana ya sentensi nzima. Nastaliki, hati nzuri mno inayoteremka kwa mshazari, iache mpaka jicho lako lizoee naskhi, hati ya kawaida ya vitabu vya Kiarabu.