Mama mkwe hajakuharibia mtoto

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Tabata, nina mtoto wa kiume wa miaka 7, yuko darasa la pili. Amekuwa mwizi. Anachukua mia tano kwenye pochi yangu, akiulizwa anakana. Namchapa kidogo tu ili anyooke, lakini mume wangu anasema nimezidi, wakati yeye mwenyewe tangu tugombane hata hela ya shule hampi. Juzi mama mkwe alikuja, akaona alama za waya mgongoni, akamchukua hadi Mbagala na sasa ananisema kwa ukoo mzima. Mtoto naye ameanza kukojoa kitandani, nadhani ni jeuri. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nifanyeje mama mkwe asiniharibie mtoto? – Mama Junia

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, kulea Dar si mchezo.

Pole imeishia hapo. Umeanza na "namchapa kidogo tu", mistari michache mbele tunakuta alama za waya. Waya wa nini, wa chaji? Uchapaji mdogo hauachi michirizi ya kuonwa na bibi aliyekuja kusalimia. Mama mkwe wako amefanya la maana, na amekustahi pia, maana angeweza kupitia Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi kabla ya kupanda gari la Mbagala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kumrudi mtoto kwa kiasi, ila inakataza adhabu ya kikatili na inayozidi umri wake. Hata shuleni kanuni zinasema viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu aidhinishe na viandikwe kitabuni. Wewe siku ile ya waya nani alikuwa anakuhesabia?

Sasa huo wizi. Hapo ndipo ulipojisahau ukasema kweli. Baba hatoi hela ya shule tangu mgombane, na hukuniandikia kwamba unatoa wewe. Kwa hiyo mtoto anaamka alfajiri, saa nne kengele inagonga, wenzake wanakimbilia mihogo ya kukaanga na kachori, yeye anasimama pembeni anaangalia midomo ya watu. Siku mbili, tatu. Ya nne anafungua pochi ya mama. Na kachukua mia tano! Mwizi wa kweli haachi noti ya elfu kumi akabeba sarafu. Mmenuniana nyinyi, njaa kaipata yeye, na waya kaupata yeye.

Ndoa zenu za siku hizi mnanichosha. Baba anabana hela ili mama aone joto, mama anamtandika mtoto wa baba ili baba asikie uchungu. Zamani watu wakinuniana kulikuwa na somo, kulikuwa na mshenga, mnaitwa mnakalishwa kitako mnasemwa mpaka mnaona aibu. Leo mshenga ni stetasi ya WhatsApp, na mtoto ndiye uwanja wa vita. Halafu mnashangaa ana jeuri.

Unauliza kwa kuzunguka kama fimbo inafunza. Inafunza sana: imeshamfunza wako kukana. Kiboko kinamnyamazisha mtoto kwa dakika tano, kesho anafanya vilevile ila kwa kujificha zaidi. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor wa Marekani walijumlisha tafiti za watoto zaidi ya 160,000, na hapo walizungumzia makofi ya mkono mtupu tu, waya haumo. Hawakuona kwamba makofi hayo yanamtengeneza mtoto; walikuta yanaambatana na ukaidi na ugomvi zaidi. Najua wapo watakaosema "sisi tulichapwa na tuko sawa". Hao ndio nawaona kwenye daladala wakikunjana mashati na konda kwa chenji ya mia.

Sisemi mtoto alelewe kama yai. Akichukua kisicho chake arudishe, aombe radhi, akose katuni, aoshe vyombo wiki nzima, na ukisema hapana iwe hapana hata ukiwa umechoka. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Waya ni njia ya mkato ya mama aliyefika nyumbani saa mbili usiku na hasira za ofisini na za mume.

Na kukojoa kitandani hakuna mtoto anayefanya kwa jeuri, amelala. Kama alikuwa ameshaacha na sasa ameanza upya, huenda ni hofu, huenda ni ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya wapime mkojo, na usimchape wala kumsimanga kwa hilo hata siku moja.

Kwa hiyo, usiku wa leo zima televisheni, muulize mumeo hela ya shule inatoka kwa nani, Jumatatu hadi Ijumaa, mkubaliane. Yeye pia ana makosa, nikipata barua yake nitamwambia. Jumamosi nenda Mbagala, usiende mikono mitupu, beba sukari na mchele. Mwombe mama radhi mtoto akisikia. Akikuambia mjukuu atabaki mpaka shule zifungwe, usibishane naye, muulize tu sare zake uzilete lini.