Maswali na majibu: Begi lisilo na mwenyewe gatini, tupige kengele?

SWALI: Assalaam alaykum. Ni msimamizi wa zamu katika gati moja huku Pemba, niacheni bila jina. Karibuni lilionekana begi jeusi halina mwenyewe karibu na ngazi ya boti, abiria wameanza kupanda. Mwenzangu akapiga kengele, tukawapeleka watu wote mahali pa kukusanyika kama tunavyofanya kwenye mazoezi ya moto. Mara mwenye begi akatokea, kumbe alikwenda kununua maji. Mkuu wetu anasema tulikosea, lakini mpango wetu ndivyo ulivyoandikwa. Tulikosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kosa si lenu peke yenu, neno nalo limechangia. Tunaita "usalama" mambo mawili yasiyofanana. Moto, boti kuingia maji, mtu kuanguka baharini, hizo ni ajali. Begi la shaka, simu ya vitisho, mtu mwenye silaha, hapo kuna binadamu mwenye nia mbaya. Mimi kazini hili la pili naliita ulinzi, yasichanganyike hata kwenye karatasi. Nimeshashika mpango ambao ukurasa wa moto ulinakiliwa mzima, "moto" likafutwa, "bomu" likaandikwa. Hata ndoo za mchanga zilibakia mle.

Moto haujui mnakusanyika wapi. Mtu anajua, maana mmemwandikia ukutani kwa rangi ya kijani. Kwa hiyo kwenye tukio la ulinzi, watu hawapelekwi popote mpaka pale wanapopelekwa pameshakaguliwa, na njia ya kwenda huko haipiti karibu na kitu chenyewe. Kengele nayo si lazima ilie. Tazama meli za safari za kimataifa: mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, sura ya XI-2, unazitaka ziwe na kitufe cha siri sehemu mbili au zaidi, kimoja kwenye chumba cha nahodha cha kuongozea. Kikibonyezwa, melini hakulii kitu. Ujumbe unakwenda nchi kavu na jina la meli na mahali ilipo, na aliyeiteka hajui.

Sasa begi lenu. Kabla ya lolote, jiulizeni matatu. Limefichwa? Lina dalili ya wazi, kama nyaya au harufu ya mafuta? Je, ni kitu kigeni kwa mahali lilipo? Kwetu hili la tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu mizigo yetu hushika foleni kuliko wenyewe. Begi lililo mstarini, kati ya kapu la ukili na ndoo ya maembe, lina majirani; waulizeni, watakwambieni mwenyewe kaenda wapi. Begi lililosukumwa nyuma ya pipa chini ya ngazi ni habari nyengine. Tangazeni kwenye kipaza sauti, subirini kidogo, simamisheni upandaji. Lenu lingeishia hapo.

Shaka ikibaki, msiliguse, msilisogeze, msilimwagie maji. Redio na simu zitumiwe mkishakaa mbali. Uingereza wanashauri angalau mita 100 kwa begi la mkononi, 200 kwa gari dogo. Lakini gati likiwa limeingia baharini na njia ni moja tu, begi likikaa kwenye shina la gati, walioko kichwani watapita wapi? Pembeni mwake? Kwao hao njia salama huenda ikawa boti yenyewe: kamba zifunguliwe, nahodha asogee nje. Uamuzi huo haubuniwi siku hiyo. Uandikwe nani anausema, nahodha akikataa inakuwaje, na waliokwishapanda wanahesabiwa vipi. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama mwaka 2011 hakuna mtu wa visiwani wa kuelezwa maana ya boti kuondoka bila hesabu ya kweli.

Kisheria, msimbo wa ISPS, yaani kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, unahusu safari za kimataifa na bandari zinazozihudumia, kwa hiyo boti ya Pemba na Unguja haimo moja kwa moja. Si sababu ya kutouazima. Unataka zoezi dogo kila miezi mitatu, na zoezi kubwa la pamoja kila mwaka, pasipite miezi 18 kati ya moja na jengine. Fanyeni lenu na Polisi, KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo) na Zimamoto pale pale gatini, tena maji yakiwa yamekupwa, muone ngazi ya boti inavyosimama.

Kwenye mpango andikeni vyeo, si majina, maana zamu hubadilika. Namba za simu zipigeni leo. Kwenye zoezi moja nililosimamia, namba ya kwanza kwenye orodha ilipokelewa na fundi cherehani, mstaarabu kweli, akatuuliza kama tunataka kanzu.

Na badala ya kengele, kubalianeni tangazo la kuwaamsha wafanyakazi peke yao, kwa mfano kumwita ofisini mtu asiyekuwepo. Mlibadilishe kila baada ya miezi michache, kwa sababu wale abiria wenu wa kila wiki wana masikio.