Ningeanzia kulia

Mhariri, mmeuliza: ukipewa nafasi ya kusimama mbele ya mchoro mmoja tu duniani, ungechagua upi? Mimi moja kwa moja Boston, Marekani, kwenye Makumbusho ya Sanaa, kuutazama ule wa mchoraji Mfaransa Paul Gauguin wenye jina la maswali matatu: Tumetoka wapi? Sisi ni nani? Tunakwenda wapi? Aliuchora Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1897 hadi 1898, tena juu ya gunia. Una upana wa karibu mita nne.

Sisi tuliopitia chuoni kusoma Kurani hatutapata taabu, maana mchoro huu unasomwa kuanzia kulia. Mtoto mchanga amelala upande huo, chini. Katikati kijana kanyoosha mikono juu anachuma tunda. Kushoto kabisa ajuza kajikunyata, viganja mashavuni. Mkao huo Gauguin aliutoa kwenye maiti ya kale ya Peru iliyokaushwa, aliyoiona Paris. Miguuni pa ajuza yuko ndege mweupe, kamkanyaga mjusi. Miili imepakwa rangi inayokaribia dhahabu, na nyuma yake miti na ardhi ni buluu na kijani kilichoiva, bila kujali kama msitu wa kweli uko hivyo. Rangi hizo nazikubali zote.

Ninachogomea ni ile sanamu ya buluu iliyosimama nyuma, mikono juu, kama mungu wa kisiwa. Wamisionari walifika Tahiti tangu 1797, na mwaka 1880 Ufaransa ikakifanya kisiwa koloni lake. Gauguin alipotia mguu 1891 aliwakuta watu wanakwenda kanisani, wanawake wamevaa magauni marefu ya kimisheni. Alikuwa amefuata paradiso, akakuta gavana na padri; basi akachora ile aliyoikosa, na sanamu akaitunga mwenyewe. (Aliishi huko na binti wa miaka kama 13, na hilo sitalifumbia macho kwa sababu ya ufundi wake.)

Kwa hiyo siendi kuijua Tahiti. Sanamu nitaipita, nikae zaidi kwa ajuza, kisha nisogee hadi pale mlinzi atakaponiruhusu, nione mafundo ya gunia chini ya rangi. Kwenye simu hayaonekani kabisa.