Muulize Mzee wa Ndoano: Trauti wa Mto Clinch

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Knoxville, Tennessee, kwetu Kigoma, nimezoea migebuka na dagaa. Jamaa kaniambia mto Clinch chini ya bwawa la Norris una trauti kibao mwezi wa nne na wanavuliwa kwa nzi bandia, zile ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu. Juzi tumeenda asubuhi tukakuta maji yamejaa hadi kingoni yanakimbia balaa, tukageuza. Tumewahi msimu au? Na huyo samaki analika? – B.

JIBU: Marahaba. Msimu hauna shida, shida ni umeme. Norris ni bwawa la TVA, shirika la umeme la serikali ya Marekani, lilikamilika 1936, na trauti wamepandikizwa pale kwa sababu maji yanatolewa kutoka chini kwenye kina, baridi hata mwezi wa saba. Sasa wakiwasha mitambo ya umeme wanaachia maji mengi na mto unakuwa mwingine kabisa, kwa hiyo kabla hujawaza nzi gani angalia kwanza ratiba ya maji, TVA wanaiweka kwenye programu yao ya simu. Machipuko ndo ratiba inayumba zaidi maana wanataka bwawa lijae ifikapo Juni mosi, mvua zikiwa chache wanabana maji na wewe unafaidi, zikizidi wanafungulia usiku na mchana, hapo kaa nyumbani tu.

Halafu maji hayafiki kote kwa wakati mmoja. Wakizima asubuhi, karibu na bwawa yanashuka mapema ila huko chini bado yamejaa masaa kadhaa. Wakiwasha ni hivyohivyo, wa karibu na bwawa ndo anayekumbwa wa kwanza. Ukiwa ndani tia jicho kwenye jiwe moja pembeni, likianza kufunikwa toka saa hiyohiyo, usingoje kumalizia samaki wako, na ile suruali ya mpira funga mkanda kiunoni isijae maji ukianguka.

Nzi: anza na usubi bandia wa kuzama, ndoano namba 20 au 22 (namba ikipanda ndoano inazidi kuwa ndogo), uzi mwembamba sana maana maji yakitulia ni kioo na trauti wa pale wameshaona kila aina ya mtego. Mwisho wa Aprili kwenda Juni wanatoka wadudu wa njano, weka namba 16 ya kuelea.

Leseni ya trauti unaongezea juu ya ile ya kawaida, na kuna saizi lazima uzirudishe majini, soma kanuni za mwaka huu.

Kulika analika, ndimu na chumvi, makaa yasiwe makali. Ila mgebuka hamfikii, usijidanganye.