Jibu: Niweke michoro mingapi kwenye tovuti yangu?

Dada, umeuliza kama uweke michoro yako yote 64 ya milango ya Mji wa Kale. La, usiiweke yote. Chagua 15 hivi, ile unayoweza kuitetea bila kigugumizi. Mteja anafungua kwa simu, bando lenyewe la kuhesabu. Picha ya megabaiti 8 atachoka kuisubiri. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1600, yatosha.

Kazi hasa iko kwenye kupiga picha. Toa mchoro barazani, kivulini, saa nne asubuhi. Jua la Mombasa likiupiga, rangi ya mafuta hung'aa mpaka nakshi zote zikapotea (mimi nilirudia mara tatu!). Chini ya kila mchoro andika vipimo, mwaka na aina ya rangi. Namba ya WhatsApp iweke juu kabisa.